Mzee wa Orangi alianza na kichochoro kimoja. Na sisi uswahilini tunaweza (uzi mrefu)

#1 Mleta mada

Wakuu, habari za asubuhi. Uzi ni mrefu, unahusu kujijengea wenyewe bomba la maji machafu kichochoroni, naomba muusome hadi mwisho kabla ya kuchangia, maana nahitaji mawazo yenu ya kweli, hasa mafundi na wajumbe wa serikali za mitaa mliomo humu.

Anayeishi uswahilini Dar anajua masika yalivyo. Mvua ikianza usiku hulali, unasikiliza. Kuna mlio wa mvua kwenye bati na kuna mlio wa maji yanayopita kichochoroni. Huo wa pili ukishakuwa mzito, unajua jirani wa juu ameshafungulia choo. Kutapisha, ndivyo tunavyoita. Shimo limejaa, gari la kunyonya haliingii, hela ya kuwalipa vyura (vijana wanaochota choo kwa mikono) hana, basi anasubiri mvua kubwa, anatoa tofali la pembeni ya shimo na mzigo wote unashuka na maji. Asubuhi watoto wa shule wanaruka, asiyeweza kuruka anakanyaga. Mwanangu wa pili alilazwa kwa kuhara masika mawili mfululizo. Wenye watoto wadogo mnanielewa.

Barua tumeandika, wageni wa kukagua mtaro tumepokea, miaka imekwenda. Mwaka jana kijana mmoja aliyesomea mipango miji akanisimulia habari za mzee wa Orangi, mtaa wa Karachi, Pakistani, aitwaye Akhtar Hameed Khan. Tangu siku hiyo nimesoma kila nilichokipata kumhusu, na nimeona nisikae nacho peke yangu.

Khan alizaliwa Agra mwaka 1914. Alikuwa ofisa katika utumishi wa serikali ya kikoloni ya Waingereza huko India, kazi ambayo mzazi angeuza shamba ili mwanawe aipate. Njaa ya Bengal ya 1943 ilimkuta kazini. Mwaka 1945 akaacha kazi, akaenda kuishi karibu na Aligarh kama kibarua, akajifunza kutengeneza makufuli. Baadaye, kuanzia 1959, aliongoza chuo cha maendeleo ya vijijini huko Comilla, ambako leo ni Bangladesh, na 1963 akapewa Tuzo ya Ramon Magsaysay, tuzo kubwa ya Asia. Kwa hiyo alipofika Orangi mwaka 1980 alikuwa anakaribia miaka 66 na ana heshima yake tayari. Angeweza kukaa nyumbani akala pensheni.

Orangi iko kaskazini-magharibi mwa Karachi. Ilianza miaka ya 1960, ikafurika watu baada ya vita vya 1971 vilivyoizaa Bangladesh. Viwanja walinunua kwa madalali, hati hakuna. Wahamiaji kutoka Bihar, Wapathani, Wapunjabi, Wabaluchi, wote wamebanana humo. Nyumba walijijengea wenyewe kidogokidogo, tofali kwa tofali, kama sisi. Choo kilikuwa ndoo au shimo, na majitaka yalikatiza katikati ya kichochoro. Ukisoma maelezo ya Orangi ya 1980 utadhani ni Tandale au Vingunguti.

Hapa ndipo alipoanza kunishangaza. Fedha za mwanzo zilitoka kwa wakfu wa benki ya BCCI, na angeweza kuanza kugawa vitu siku ya kwanza. Hakugawa. Kwa miezi alitembea tu vichochoroni, akikaa na watu na kuwauliza shida yao kubwa ni nini. Wakamwambia majitaka. Akawauliza, basi kwa nini hamjengi? Wakamjibu ni kazi ya serikali, waletewe bure. Akawaambia wazi kwamba bomba la bure hana.

Aliona vikwazo vinne. Kwanza watu wanaamini serikali italeta, hivyo wanasubiri. Pili gharama. Tatu hawajui ufundi wa kazi hiyo. Nne hawajajipanga. Akaanza na gharama. Walipoichambua bei ya serikali wakakuta imejaa faida ya mkandarasi, dalali juu ya dalali, na rushwa. Wakarahisisha michoro, wakatengeneza kalibu za chuma za kumwagia chemba (visima vidogo vya kukagulia bomba), kazi ikafanywa na wenye nyumba, na gharama ikashuka hadi karibu rupia 1,000 kwa nyumba, choo pamoja na bomba la kichochoro.

Halafu jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote: hakuunda kamati ya Orangi nzima. Alichukua kichochoro kimoja, nyumba 20 hadi 30. Watu wa nyumba 20 wanajuana. Wanajua nani anakopa halipi, nani ana mgonjwa, nani ana toroli. Kichochoro kilichagua msimamizi wake, msimamizi akaomba msaada wa kitaalamu, vijana wa mradi wa Khan wakaja na futi ya kamba na kifaa cha kupimia mteremko, wakachora, wakapiga hesabu ya vifaa, wakaazimisha zana. Michango alikusanya msimamizi. Mradi haukushika hata rupia moja ya wananchi. Fikirieni ni magomvi mangapi ya mtaani kwetu yangekwisha kwa kanuni hiyo moja.

Kichochoro cha kwanza kilipokauka, cha jirani kikaja kuomba. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 nyumba zaidi ya 90,000 zilikuwa zimejiwekea choo na bomba kwa hela zao.

Sasa ya kwetu. Kichochoro chetu kina nyumba 22. Mjumbe wetu ni mama mtu mzima anayeuza mandazi, ndiye niliyemsimulia kwanza. Alinisikiliza huku anageuza mandazi kwenye karai, mwisho akaniuliza swali moja tu, "Hela atashika nani?" Nikamwambia kila anayetoa ataandikwa kwenye karatasi na karatasi itabandikwa mlangoni kwake yeye mjumbe, ipo nje saa zote. Jioni ile ile akapita nyumba kwa nyumba.

Nyumba 11 zilikubali, kila moja shilingi 60,000, wengine walilipa kwa mafungu manne. Tukachimba wenyewe Jumamosi na Jumapili. Na tulikosea, naandika ili asiye na habari asikosee kama sisi. Mita 18 za mwanzo tulichimba kwa macho, kwa sababu kichochoro kinaonekana kabisa kinashuka. Tukalaza bomba, tukafukia, tukamwaga ndoo za maji kujaribu. Maji yakasimama kwenye chemba ya tatu. Ilibidi tufukue yote, watu wamekasirika, mzee mmoja akarudi ndani bila kuaga.

Fundi mmoja wa mtaa wa pili ndiye aliyetuokoa, na kifaa chake ni mpira mweupe wa kupimia maji tu. Unaujaza maji, unaukagua urefu wote usiwe na kipovu cha hewa, mmoja anashika ncha huku na mwingine kule. Maji yanacheza juu chini, juu chini, halafu yanatulia. Yakitulia mnapiga alama ukutani pande zote mbili, na hapo usawa mnao. Kutoka kwenye alama mnashusha futi hadi chini ya mtaro. Sisi tulitumia sentimita moja kushuka kwa kila mita. Ndipo tukaona katikati ya kichochoro kuna kinundu ambacho jicho halikukiona hata mara moja.

Zege la chemba nalo tulilifunika kwa magunia na kulimwagia maji siku saba. Hili tulilitoa Orangi moja kwa moja: chemba zao za mwanzo nyingi zilikuwa dhaifu kwa sababu watu hawakujua zege changa linahitaji maji.

Bomba letu linachukua maji ya kuogea, ya kufulia na ya mvua hadi mtaro wa barabara. Vyoo hatujaunganisha. Hakuna bomba kuu la majitaka karibu, na kuunganisha vyoo kwenye mtaro wa mvua ni kuhamishia uchafu wetu kwa watu wa bondeni. Ila masika haya njia ilikuwa kavu, na aliyezoea kutapisha hana tena mto wa kubeba mzigo wake, kila mtu angeuona umelala pale. Hajatapisha.

Karibuni kwa maoni.

#2

Hongera mkuu, ila mimi sikubaliani. Kodi tunalipa. Mkishaanza kujijengea, wakubwa wanapata sababu ya kutowajengea. Masaki kwa matajiri wanachimba mtaro wenyewe?

#3 Mleta mada

Mkuu, hoja yako ina uzito na Khan aliijibu kwa vitendo. Aligawa kazi sehemu mbili, ya ndani na ya nje. Choo, bomba la kichochoro na bomba linalokusanya vichochoro vichache, hiyo ni ya ndani, wananchi wanaimudu. Bomba kuu na mitambo ya kusafisha ni ya nje, hiyo ni ya serikali na hakumwondolea mtu yeyote jukumu hilo.

Unapokwenda ofisini mikono mitupu unaambiwa bajeti haitoshi. Ukienda na ramani ya vichochoro 200 vilivyokamilika, kila kimoja na vipimo vyake, ukasema sisi yetu tumemaliza, tunadai yenu, hapo mazungumzo ni mengine. Vijana wa Orangi walichora ramani ya mifereji ya Karachi kwa undani ambao idara zenyewe hazikuwa nao. Mwaka 1999 serikali ya jimbo la Sindh iliachana na mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Asia kwa mradi wa majitaka wa Korangi (sehemu nyingine ya Karachi, sio Orangi), na hoja na michoro ya watu wa Orangi ilichangia uamuzi huo, kwa sababu walionyesha njia ya gharama ndogo zaidi.

Na kwa anayesema hayo ni ya Wapakistani: Hananasif, Kinondoni, miaka ya 1990, wananchi walijenga mitaro ya mvua na barabara za ndani kwa nguvu zao na malipo ya kibarua, wakisaidiwa na ILO na UNDP za Umoja wa Mataifa, Ford Foundation na chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu Ardhi. Nendeni mkaitembelee mitaro ile.

#4

Fundi hapa, niko Mwanza. Mleta mada umenifurahisha na mpira wa maji, vijana siku hizi wanataka leza wakati mpira haudanganyi. Nina mawili matatu.

Hujasema bomba ni inchi ngapi. Kama ni inchi 4 na linapokea maji ya mvua, ongeza au mtapata taabu. Mchanga wa Dar ni mwingi. Inchi 6 ndiyo ya kichochoro, inchi 4 iwe ya kutoka nyumbani tu. Kabla ya maji ya nyumba kuingia kwenye bomba jenga kachemba kadogo chenye sakafu iliyo chini kuliko bomba, mchanga na masalia ya jikoni vikae humo, mwenye nyumba anazoa kila wiki. Bila hicho mwaka wa pili mtafukua tena.

Chemba weka kila kona na kila yanapokutana mabomba mawili. Usipinde bomba chini ya ardhi bila chemba, likiziba huwezi kulizibua.

Huku kwetu vilima vya Igogo na Mabatini vimepitishiwa mabomba madogo ya majitaka katikati ya nyumba, juu ya mawe ambako gari la kunyonya halitafika hadi kiama. Kwa hiyo hata vyoo inawezekana, mradi kuwe na bomba kuu la kupokelea.

#5

Naomba niulize kama mpangaji. Mimi nina chumba kimoja, kodi nalipa miezi sita kwa mkupuo, mwenye nyumba anaishi mbali, anakuja siku ya kodi tu. Kichochoro ndicho ninachopita mimi na wanangu. Nichange elfu sitini kwenye nyumba ya mtu, halafu mwezi ujao anipandishie kodi kwa sababu nyumba sasa ina bomba? Hayo ya Orangi naona yanawafaa wenye nyumba.

#6 Mleta mada

Dada yangu, umegusa penye kidonda, na nashukuru ni wewe uliyesema. Ni kweli. Orangi wengi walikuwa wanaishi kwenye nyumba zao wenyewe. Kwetu nyumba moja ya Kiswahili ina vyumba sita au nane, kila chumba na familia yake, mwenye nyumba hayupo. Hapa ndipo njia ya Khan haiwezi kuingia uswahilini kama ilivyo, na anayesema inaweza hajapanga chumba.

Nikueleze tulivyofanya. Katika zile 11, nyumba nne zina wapangaji watupu. Mama mjumbe alikataa kabisa kupokea mchango wa mpangaji kabla ya kuongea na mwenye nyumba. Aliwapigia simu mmoja mmoja mbele yetu, simu ikiwa kwenye spika. Wawili walituma hela. Mmoja alisema hana kwa sasa, akakubali wapangaji watoe na ikatwe kwenye kodi inayofuata. Hilo tuliliandika kwenye karatasi, wapangaji wakasaini na mjumbe akagonga muhuri. Wa nne alisema kupandisha au kutopandisha kodi ni jambo lake binafsi, hakutaka kuahidi. Wapangaji wake wakaamua kutoa nguvu bila hela, wakachimba, na nyumba zilizobaki zikabeba ile elfu sitini. Hadi leo hajapandisha, lakini siwezi kukuapia.

Kwa nyumba 11 ambazo hazikuchanga tumeacha kiungio chenye kifuniko usawa wa kila mlango. Siku wakiwa tayari wanafungua na kuunga. Tatu wameshakuja baada ya masika.

Fundi wa Mwanza, Mungu akubariki. Bomba letu kuu ni inchi 6, hapo tulisikiliza ushauri. Kachemba ka mchanga hatukujenga. Tunakajenga.

#7

Salamu kutoka Nairobi. Nimekaa Mukuru, mtaa wa mabanda, miaka mingi na nimeona kitu kinachofanana. Kaunti ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango mwaka 2017, na kabla ya wataalamu kuchora chochote watu waligawanywa vikundi vidogo vya manyumba, kila kikundi kikatoa mwakilishi wake. Ploti yetu tulikutana nje, tukakaa kwa mitungi. Wengi hapa ni wapangaji pia, kama dada alivyosema, na structure owners, yaani wenye majengo, walikuwa na wasiwasi. Kilichosaidia ni kuhesabu. Tulihesabu tunalipa choo cha kulipia pesa ngapi kwa mwezi, maji ya mtungi pesa ngapi, stima ya kuunganishiwa na mtu pesa ngapi. Tulipojumlisha tukaona tunalipa zaidi ya watu wa estate walio na bomba ndani. Hiyo hesabu ndiyo iliyoamsha watu kuliko mkutano wowote wa chifu. Mleta mada, jaribuni kuhesabu gharama ya gari la kunyonya, vyura na hospitali.

#8

Mimi nasomea mazingira. Naomba kutoa angalizo kwa heshima. Mabomba ya Orangi yalimwaga kwenye mifereji ya asili na kuishia baharini bila kusafishwa. Vichochoro vilikauka, bahari ikachafuka. Pia nimesikia mama mmoja aliyekuwa akiongoza mradi ule aliuawa. Ni kweli? Kama kazi ya mitaro inaua, tuambiane mapema.

#9 Mleta mada

La kwanza ni kweli. Majitaka mengi ya Karachi yalikuwa tayari yanaishia kwenye mifereji hiyo. Watu wa Orangi walitaka mifereji ifunikwe na mitambo ya kusafisha iwekwe mwisho wake, na sehemu hiyo ilikuwa ya serikali. Haikukamilika. Ndiyo sababu sisi vyoo tumesita. Bonde la Msimbazi liko chini yetu na kuna watu wanaishi humo.

La pili ni kweli pia, na nilipolisoma sikuweza kuendelea kusoma usiku ule. Anaitwa Perween Rahman, msanifu majengo, alizaliwa Dhaka mwaka 1957. Alimaliza chuo, akaacha kazi ya kuchora majengo ya matajiri na kujiunga na Khan miaka ya mwanzo ya 1980. Akiwa binti mdogo ndiye aliyekuwa anazunguka vichochoroni na vijana, anafundisha kupima, anachora mifereji. Khan alifariki Oktoba 1999 akiwa Marekani, mwili ukarudishwa kuzikwa Orangi, na kazi ikaendelea chini ya Perween na wenzake bila kutetereka. Huo ndio ushahidi mkubwa kwangu kwamba mzee aliacha watu, hakuacha sanamu.

Baadaye Perween alichora ramani za vijiji vya zamani vilivyomezwa na Karachi, ili wenyeji wasinyang'anywe ardhi, na akafuatilia maji ya jiji yanavyoibwa na kubebwa na magari kwenda kuuzwa. Tarehe 13 Machi 2013, akirudi nyumbani kutoka kazini Orangi, alipigwa risasi ndani ya gari. Hakuuawa kwa ajili ya bomba la kichochoro. Alikuwa anaandika kwenye karatasi kile ambacho wenye nguvu walitaka kibaki gizani. Nimemwonyesha mama mjumbe picha yake kwenye simu. Aliitazama kwa muda, akaniuliza kama alikuwa na watoto, kisha akasema, "Huyu alikuwa mwenzetu."

Kwa hiyo ndugu mwanamazingira, hofu yako naielewa. Kwa hapa tulipo, mita 60 za bomba hazimgusi mkubwa yeyote. Tukifika mahali panapogusa ardhi na hela za watu, tutakuwa wengi wa kuongea, na ramani itakuwa kwenye simu za watu 200, sio kwa mtu mmoja.

#10

Mleta mada, mimi ni mwenyekiti wa mtaa, wilaya nyingine hapa hapa Dar. Naomba karatasi yenu ya michango na ile ya makubaliano ya kodi, nizitumie kama mfano. Kwangu kuna vichochoro vitatu vilivyo tayari kuanza, tatizo ni hilo hilo la hela atashika nani.

#11 Mleta mada

Mwenyekiti, nimekutumia zote mbili inbox. Nimefuta majina ya watu, yaliyobaki ni tarehe, kiasi na sahihi. Mama mjumbe anasema ongeza safu moja ambayo sisi tulisahau, ya risiti za dukani, kila mfuko wa saruji uonekane umenunuliwa wapi na lini.

Jumamosi saa moja asubuhi tunapima kichochoro cha pili, nyumba 19, kinaanzia nyuma ya msikiti hadi kwenye kisima cha zamani. Vijana wanne wa sekondari watakuja kujifunza mpira wa maji. Tunahitaji futi ya mita 30 ya kuazima kwa siku moja, yetu imekatika, na kama kuna fundi wa Dar mwenye kalibu ya chemba ya duara aniandikie. Kachemba ka mchanga tutaanza nako siku hiyo hiyo, mlangoni kwa mama mjumbe.